SOMO: MAJI YA IGOGO NA KAZI YA USTAWI WA JAMII



Mara nyingi kurasa hizi za masomo hueleza habari za mikarafuu yenyewe: kupanda miche, kuchuma, kuchambua makonyo na kuanika. Safari hii twaomba ruhusa yenu tutoke kidogo mashambani, twende mbali, mpaka ufukweni mwa Ziwa Victoria, katika Jiji la Mwanza, kwenye kata iitwayo Igogo. Huko hatutaikuta harufu ya karafuu. Tutakuta harufu ya dagaa na ya ziwa. Lakini wazee walitufundisha: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Yaliyowapata watu wa huko yana mafunzo kwetu sisi tukaao visiwani, na tukiyajua mapema huenda yakatupunguzia hasara siku ya siku.

Somo letu ni hili: mvua zikigeuka na maji yakipanda, mhandisi ana kazi yake, daktari ana kazi yake, na mtabiri wa hali ya hewa ana kazi yake. Je, mtu wa ustawi wa jamii naye ana kazi gani? Wengi hudhani kazi yake ni kugawa mablanketi. Tutaona kuwa sivyo.

1. IGOGO NI MAHALI GANI

Jiji la Mwanza huitwa mji wa mawe, na mwenye kulitazama haulizi sababu. Majabali makubwa ya itale yamepangana vilimani kana kwamba yamewekwa kwa mkono, na katikati ya majabali hayo watu wamejenga nyumba zao. Katika sensa ya mwaka 2022, wilaya mbili za jiji hilo, Nyamagana na Ilemela, zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1 kwa pamoja. Mji umekua upesi kuliko viwanja vilivyopimwa, na maskini aliyekuja kutafuta kazi alipanda mlimani, kwani huko ndiko alikoweza kupata mahali.

Igogo imo katika wilaya ya Nyamagana, kusini ya katikati ya mji. Upande mmoja ni kilima chenye mawe na nyumba zilizosongamana. Upande wa pili ni tambarare iliyo karibu na ziwa, na bandari ya Mwanza Kusini haiko mbali. Watu wa namna hiyo ya mitaa hupata riziki yao karibu na wanapolala: wako wachukuzi, wauzaji wa samaki, mafundi, wenye magenge, na kina mama wanaokaanga dagaa au mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu.

Juu ya kilima tabu ni ya namna mbili. Kwanza, mvua kubwa ikinyesha, maji hayapati udongo wa kuyanywa. Huteremka juu ya mawe kwa nguvu, hula msingi wa nyumba, na pengine hulegeza jiwe lililokaa miaka mingi. Pili, kuchimba choo kwenye jabali ni kazi ngumu. Basi vyoo vingi vilikuwa vifupi, na maji ya mvua yalichukua uchafu wake mpaka kwa jirani wa chini, na kutoka hapo mpaka ziwani. Mamlaka ya maji ya Mwanza imefanya kazi njema ya kulaza mabomba membamba ya majitaka katika vilima kama hivi, Igogo ikiwemo, mabomba yanayopita kati ya nyumba na mawe mahali ambapo bomba kubwa lisingepita. Kazi ya namna hiyo huokoa maisha. Lakini si kila nyumba huunganishwa siku moja, na mvua haingoji.

2. ZIWA LILIVYOPANDA

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na mlango wake wa kutokea maji ni mmoja tu, Mto Naili, pale Jinja katika Uganda. Jambo la kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ya maji yake haitoki kwenye mito. Kadiri ya asilimia 80 hutoka kwenye mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hurudi mbinguni kwa mvuke wa jua. Kwa hiyo ziwa hili ni kama sahani pana iliyowekwa uani: mvua ikizidi, hujaa, jua likizidi, hupungua.

Wazee wa ziwani wanakumbuka mvua za mwisho wa mwaka 1961. Kutoka wakati huo mpaka mwaka 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Kisha, katika miaka ya 2005 na 2006, lilipungua mno hata maboti yakakaa juu ya tope. Watu wakasogea, wakajenga na kulima pale ambapo maji yaliondoka. Halafu zikaja mvua kubwa za mwisho wa 2019. Katika muda wa miezi sita hivi ziwa likapanda zaidi ya mita 1, na mwezi wa Mei 2020 likafika kiwango cha juu kama kile cha 1964. Mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño, likapita hata kile cha 2020.

Msomaji asidharau hiyo mita 1. Ukutani mita 1 ni kitu kidogo, lakini kwenye ufuko ulio tambarare mita 1 ya kupanda huingia ndani hatua nyingi. Wakulima wa mpunga wa Pemba, hasa wale wa Kisiwa Panza, hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wameona maji ya bahari yakiingia katika mabonde yao na kuacha chumvi.

Tena maji ya ziwa hayafanyi kama maji ya mto. Mafuriko ya mto huja usiku na aghalabu huondoka baada ya siku chache. Ziwa likipanda hukaa. Nyumba iliyoingiwa na maji mwezi wa Aprili yaweza kuwa bado imo majini mwezi wa Septemba. Basi msaada wa siku tatu haumfai mtu ambaye msiba wake ni wa miezi sita.

Kadhalika maji yakichanganyika na vyoo, maradhi hufuata. Katika msimu wa mvua wa 2023 na 2024 kipindupindu kilizuka katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Mwanza ikiwa mmojawapo.

3. JE, NI TABIANCHI?

Hapa yafaa tuwe waangalifu, maana siku hizi kila mvua hutiwa jina la mabadiliko ya tabianchi, na kila jalala lililoziba mfereji hupata wa kusingiziwa. Tabianchi ni desturi ya hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi, si mvua ya juma moja. Dunia imepata joto kwa kiasi cha digrii 1.1 na zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya mwaka 1900, na sababu kubwa ni moshi wa makaa, mafuta na gesi uliochomwa zaidi katika nchi za viwanda. Hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, na ikiyamwaga, huyamwaga kwa wingi.

Kupanda kwa 1961 kwatufundisha kuwa ziwa lilikuwa na mageuzi yake tangu zamani. Lakini uchunguzi wa wataalamu uliotolewa mwaka 2024 ulikadiria kwamba joto la dunia limefanya kupanda kwa namna ya 2020 kuwe jambo la kutazamiwa karibu mara 1.8 kuliko zamani. Maana yake ni hivi: kadi zilezile zachezwa, lakini kadi mbaya zimeongezwa katika mchezo.

Na liko jambo moja linalotuunganisha na watu wa Igogo kuliko tunavyodhani. Mvua zile za 2019 zilitiwa nguvu na bahari yetu hii ya Hindi: maji ya upande huu wa Afrika yalipata joto kuliko maji ya upande wa Indonesia, mawingu yakajaa upande wetu. Bahari inayopiga Wete na Mkoani ndiyo iliyopeleka mvua mpaka Mwanza.

4. KAZI YA USTAWI WA JAMII NI NINI HASA

Serikali ilianzisha Taasisi ya Ustawi wa Jamii mjini Dar es Salaam kwa sheria ya mwaka 1973, na tangu hapo imefunza maafisa wengi. Kazi yao inayojulikana ni ya watoto wasio na malezi, ndoa zilizoharibika, wazee wasio na wa kuwatunza, na watu wenye ulemavu. Mwaka 2012 mwalimu mmoja wa Uingereza, Lena Dominelli, alitoa kitabu chenye hoja kwamba kazi hii haiwezi tena kutenganishwa na ardhi, maji na hewa, kwa sababu madhara ya mazingira hayawaangukii watu wote sawasawa. Maneno hayo ni ya kitabuni, lakini ukweli wake waonekana mtaani bila kitabu.

Tuziwaze nyumba mbili. Si nyumba za watu tunaowajua. Ni mfano wa somo tu.

Nyumba ya kwanza iko juu mlimani, chini ya jabali. Humo yumo bibi wa miaka sabini na ushei na wajukuu watatu. Bibi ana shinikizo la damu, na dawa zake zimo ndani ya kopo juu ya kabati. Hana simu. Tangazo la mvua kubwa likitoka redioni, yeye atalisikia kwa jirani, kama jirani yupo.

Nyumba ya pili iko chini, karibu na ufuko. Humo amepanga mama mmoja akaangaye dagaa. Mtaji wake wote ni karai, kuni, ndoo mbili za mafuta na mkopo wa kikoba. Maji yakiingia, mwenye nyumba amepoteza nyumba, naye mpangaji amepoteza kazi. Lakini wakija watu wa kuandika hasara, humwuliza mwenye nyumba kwanza, na pengine hawamwulizi mpangaji kabisa. Deni la kikoba lamngoja Ijumaa.

Sasa mpe kila mmoja wao ndoo ya unga, blanketi na sabuni. Umewapa sawa, lakini hukuwapa haki. Bibi alihitaji mtu wa kumshika mkono ashuke mapema, na dawa zake zishuke naye. Mama alihitaji mahali pakavu pa kuwekea karai, na wanachama wenzake wakubali kumwahirishia deni. Kujua tofauti hiyo, na kuijua kabla ya mvua, ndiyo kazi ya ustawi wa jamii.

Tuigawe kazi hiyo katika nyakati tatu.

(a) Kabla ya mvua. Kazi kubwa ni daftari. Katika kila mtaa pawe na orodha ya watu wasioweza kujiokoa wenyewe: wazee wanaoishi peke yao, wajawazito waliokaribia kujifungua, wasioona, wasiotembea, wanaokunywa dawa kila siku, watoto wanaolala bila mtu mzima kwa sababu mama yuko kazini usiku. Kando ya kila jina liandikwe jina la jirani atakayekwenda kumtoa. Jina bila jirani ni nusu ya kazi. Kadhalika ikubaliwe mapema watu watakwenda wapi: skuli gani, msikiti gani, kanisa gani, na nani ana ufunguo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu na maonyo ya siku chache mbele. Lakini onyo ni barua, na barua hutaka tarishi. Tarishi huyo ni mjumbe wa mtaa anayebisha hodi nyumba kwa nyumba.

(b) Wakati wa maji. Watu wakikusanyika skulini, pana hatari nyingine zinazozaliwa hapo. Watoto hupoteana na wazazi. Wanawake na wasichana hukosa faragha, na vyoo vikiwa mbali na taa hakuna, wabaya hupata nafasi. Mgonjwa wa akili hufukuzwa. Mtu wa ustawi wa jamii huandika kila mtoto na mtu aliyekuja naye, hutenga vyumba, hutazama nani hakuja na kuuliza kwa nini. Tena humsikiliza aliyefiwa. Mnamo tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 walikufa. Aliyepoteza mkewe na wanawe kwa saa moja hahitaji unga peke yake. Huzuni isipopata pa kusemwa hugeuka ugonjwa, ulevi au ugomvi.

(c) Baada ya maji. Huu ndio wakati ambao wapiga picha wameondoka na kazi ndefu inaanza. Vyeti vya kuzaliwa vimelowa. Kitambulisho cha taifa kimepotea, na bila hicho mtu hapati hata laini ya simu. Watoto wamepoteza madaftari na sare. Wako wazazi wanaofikiria kumwoza binti ili kupunguza midomo. Mtaji umekwisha. Kila moja ya haya lina ofisi yake, na mtu maskini huchoka kabla ya kuzifikia zote. Mtu wa ustawi wa jamii ni mwenye kumpeleka na kumsemea.

Nchi yetu ina vyombo vya kuanzia. Sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022 kwa Bara imeweka kamati kutoka ngazi ya taifa kushuka mpaka chini. Kwetu Zanzibar tuna sheria yetu ya mwaka 2015 na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. TASAF, iliyoanza mwaka 2000, imekuwa na mpango wa kunusuru kaya maskini tangu 2012, Bara na Visiwani, na humo zimo ajira za muda ambazo watu hulipwa kwa kuchimba mifereji, kupanda miti na kuzuia mmomonyoko. Kazi kama hiyo yaua ndege wawili kwa jiwe moja: familia imekula, na mfereji umepatikana kabla ya mvua.

5. JAMBO GUMU: KUHAMA

Sasa tumefika kwenye mwiba wa somo. Mtu akae, au ahame?

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Tena mtu mwenye akili akitazama jabali lililoinama juu ya paa atasema: ondokeni. Na kweli, liko jiwe ambalo chini yake pasikae mtu hata siku moja. Hatutaki msomaji afikiri kuwa ustawi wa jamii ni kuwabembeleza watu wakae hatarini. Mwezi wa Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Hao ni watu, si hesabu.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Yule mama wa dagaa akihamishiwa kiwanja cha mbali, atalipa nauli ya daladala kwenda na kurudi, na nauli hiyo yaweza kula faida yote ya karai. Mwezi wa tatu atarudi ufukoni, safari hii akiwa hana hata nyumba ya kupanga, atalala kibandani. Yule bibi akihamishwa peke yake atapoteza jirani aliyekuwa akimsomea dawa. Ndiyo maana watu waliohamishwa mara nyingi hurudi, nasi tukawaita wakaidi. Si ukaidi; wamepiga hesabu ya tumbo, na hesabu ya tumbo ni ya kila siku, ilhali hesabu ya jabali ni ya siku moja isiyojulikana.

Kwa hiyo kuhamisha watu si kazi ya lori tu. Kabla ya lori yaulizwe mambo manne. La kwanza: kila mtu, mwenye nyumba na mpangaji, ameandikwa? La pili: huko waendako kuna maji, skuli, zahanati na njia ya kufikia kazi? La tatu: wanaojuana wanaweza kuhamia pamoja, mtaa na mtaa? La nne: wao wenyewe wamesikilizwa, na wanawake wamesema, au wamesemewa? Yakijibiwa haya vizuri, wengi huondoka kwa miguu yao. Yasipojibiwa, utavunja nyumba mara mbili: mara moja kwa tingatinga, mara ya pili kwa umaskini.

Na pale ambapo hatari ni ndogo, pengine dawa si kuhama bali ni kurekebisha: mfereji wa mawe, ukuta wa kuzuia udongo, miti, bomba la majitaka, ngazi ya kupitia usiku. Hapo mhandisi na mtu wa ustawi wa jamii hutembea pamoja. Mmoja ajua jiwe, mwingine ajua aliye chini ya jiwe.

6. KASORO ZA KUEPUKWA

Tusiwapake mafuta watu wa kazi hii. Kasoro zipo, nazo ni za kila mahali.

Kasoro ya kwanza ni orodha ya kujuana. Msaada ukitangazwa, jamaa wa mwenye daftari huwa wa kwanza. Dawa yake ni kuisoma orodha hadharani, mbele ya mkutano wa mtaa, kila mtu asikie jina na sababu, isipokuwa mambo ya siri kama ugonjwa.

Kasoro ya pili ni kumfanya mtu mtazamaji wa msiba wake mwenyewe. Wasukuma walikuwa na desturi ya vijana kulima pamoja kwa zamu chini ya kiongozi wao. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Bwana Paul Bomani, walijenga vyama vya ushirika vilivyokuja kuungana katika muungano wa Victoria mwaka 1955. Watu walioweza kupima pamba yao wenyewe waweza pia kusimamia mifereji yao wenyewe. Afisa akija aulize kwanza: mnafanya nini tayari? Kisha aongeze nguvu hapo.

Kasoro ya tatu ni kutaka afisa mmoja abebe kata nzima. Hata awe hodari vipi, hawezi kubisha hodi kila nyumba. Kazi yake ni kufundisha wengi wabishe.

Kasoro ya nne ni kuifanya kazi ya ustawi wa jamii kuwa kisingizio cha kutofanya kazi nyingine. Hakuna maneno matamu yawezayo kuzibua mfereji. Mtu wa ustawi wa jamii aliye mwaminifu husema wazi mbele ya wakubwa: watu hawa hawahitaji semina nyingine, wahitaji mfereji. Kusema hivyo nako ni kazi yake.

7. NA SISI WA KARAFUU?

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu mingi sana ya kisiwa hicho iling'oka, na merikebu za Sultani zikazama bandarini. Pemba iliokoka kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu. Habari hiyo twaisimulia mpaka leo, lakini tazameni namna tunavyoisimulia: twahesabu miti na merikebu. Wengi waliokuwa wakifanya kazi chini ya miti ile walikuwa watumwa, na njaa yao baada ya kimbunga haimo katika masimulizi yetu. Mkarafuu mpya hungojewa miaka sita au zaidi hata uzae vizuri. Je, katika miaka hiyo alikula nani, na nani alikosa?

Kosa hilo tusilirudie. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea mpaka karibu na Mafia. Safari za boti zikasimamishwa, nasi tukakaa tukisikiliza redio. Kilipungua nguvu, tukashukuru. Kijacho hatukijui.

Mvua zikija wakati wa kuanika, twajua hasara ya karafuu zilizolowa majamvini. Lakini hasara ya mwenye shamba ni moja, na ya mchumaji ni nyingine. Mwenye shamba ana msimu ujao. Mchumaji alilipwa kwa pishi alizochuma, na mvua ikinyesha hakuna pishi. Mti ukilowa huteleza. Akianguka, mkewe na wanawe wameanguka naye. Kulipwa fidia kwa wachumaji wanaoanguka ni jambo jema, nalo latokana na fikira ileile tuliyoisoma Igogo: kwamba nyuma ya zao yumo mtu.

Kwa hiyo twashauri kila tawi la Chama lifanye mambo haya kabla ya masika yajayo:

(i) Likae na Sheha, liandike daftari la shehia la wasioweza kujiokoa, kila jina na jirani wake. Wachumaji wa kuja, waliopanga vibanda vya msimu, nao waandikwe. Wasisahauliwe kwa kuwa si wenyeji.

(ii) Likubaliane mapema ni jengo gani litafunguliwa kukiwa na kimbunga au mafuriko, na ufunguo ukae kwa watu wawili.

(iii) Lianzishe hazina ndogo ya shida, mbali na hazina ya biashara, ya kumwahirishia deni au kumkopesha bila faida mwanachama au mchumaji aliyepatwa na maji.

(iv) Limjue afisa wake wa ustawi wa jamii kwa jina na kwa simu, limwalike mkutanoni wakati wa jua, wala si wakati wa maji tu.

(v) Lipande mikoko na miti pale ambapo wataalamu wameshauri, na kazi hiyo, ikiwezekana, wapewe kwanza wale waliokosa riziki msimu huo.

Haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kalamu, daftari la senti chache, na moyo wa kubisha hodi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA MATAWI

1. Katika shehia yako, ni nani wasioweza kutoka nyumbani peke yao usiku wa mvua kubwa? Taja watano. Nani atakwenda kwa kila mmoja?

2. Kwa nini ndoo ya unga iliyogawiwa sawa kwa kila nyumba yaweza kuwa si haki?

3. Watu wakikataa kuhama mahali pa hatari, ni maswali gani manne yaulizwe kabla ya kuwalaumu?

4. Mpangaji na mchumaji wa msimu wana hali gani moja inayofanana? Tawi lenu limewawekea nini?

5. Ni lipi kati ya mambo matano tuliyoshauri mwaweza kulimaliza kabla ya mwezi huu kwisha?

Matawi yatakayokaa na kujadiliana yatuletee majibu yao kwa barua, hasa jibu la swali la kwanza na la tano, lakini majina ya wagonjwa na wazee yabaki katika daftari la shehia. Sisi tuleteeni idadi tu. Tutafurahi kuyasoma, na yaliyo na mafunzo tutayaeleza hapa kwa faida ya wengine.